Shomoro Aliyefuata Mabati

Sisi tulioifahamu Nairobi kabla ya miaka ya 1990 tunamkumbuka shomoro mwingine kabisa. Mgongo na kiuno chake vilikuwa na rangi ya kutu, kooni alikuwa na doa dogo jeusi, na jicho lake lilikuwa jeupe, kiasi kwamba ungemtambua hata akiwa juu ya paa. Huyo ni shomoro wa kienyeji, Passer rufocinctus. Leo, kwenye steji ya Kawangware 46, humo humo Nairobi, anayedonoa makombo ya mandazi miguuni pa abiria ni wa namna nyingine: dume ana mashavu meupe, jicho jeusi, na weusi wa kooni umemshuka hadi kifuani. Jike ndiye anayewachanganya wengi, kwa kuwa ni kahawia mtupu, hana doa, ila ana ufito hafifu nyuma ya jicho. Ukiwa na shaka, angalia jicho. Jike wa kienyeji analo lile lile jeupe la dume wake.

Mgeni huyu, Passer domesticus, aliletwa na meli Mombasa, akakaa Pwani kwa miongo kadhaa kabla ya kupanda bara, mji kwa mji. Utafiti wa wanasayansi Andrea Liebl na Lynn Martin wa mwaka 2012 ulilinganisha shomoro wa miji mbalimbali ya Kenya, na ukaonyesha kwamba wale wa mpakani mwa uenezi wao ndio wadadisi zaidi. Udadisi pekee, hata hivyo, haumpi ndege makao. Ninavyoona mimi, makao tulimwandalia sisi. Bati la mikunjo likilazwa juu ya ukuta huacha matundu kila penye mkunjo, na tundu hilo linamtosha kuingiza nyasi, manyoya na vipande vya karatasi za nailoni. Mtaa wa Kibera, pia wa Nairobi, una maelfu ya mapaa ya namna hiyo, na chini yake kuna chapati, mahindi na vumbi la unga kwenye visagio.

Wapo wanaosema mgeni huyu amemfukuza mwenyeji, na hoja yao ina uzito. Marekani, alikopelekwa miaka ya 1850, anajulikana kwa kuvunja mayai ya ndege wengine na kuua makinda ili atwae matundu yao. Sikatai kwamba anaweza kufanya hivyo hapa pia, hasa pembezoni mwa jiji, ambako nyumba zinapakana na miti. Lakini tuangalie nani alitangulia. Askari wa Kinubi wa jeshi la kikoloni la Waingereza walipopewa Kibera mwanzoni mwa karne ya 20, palikuwa msitu na vichaka. Kufikia miaka ya 1990 vichaka hivyo vilikuwa vimekwisha na nyumba zimebanana. Mwenyeji, ambaye hupenda miti na uwanda wenye vichaka, alikuwa ameshapoteza sehemu kubwa ya makao yake kabla mgeni hajatia mguu.

Wengine watauliza kuna haja gani ya kuwatenganisha, shomoro si shomoro tu? Haja ipo, na ni kubwa: tukiwahesabu pamoja, wingi wa mmoja utaficha kutoweka kwa mwingine. Matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano yanayoanzia Makumbusho ya Taifa yamekuwepo tangu 1971 na yamewafundisha wengi kutazama, ila waangalizi wa ndege kwa kawaida huvutwa na msitu wa Karura na bustani ya miti ya Arboretum kuliko vijiji vya Kibera kama Gatwekera au Laini Saba. Vijana wa mitaa hii wanaweza kuziba pengo hilo bila hata darubini, maana ndege wenyewe hawaogopi watu.

Na wakati wa kuanza kuwahesabu mbalimbali ni sasa. Kawangware inabomoa nyumba za mabati na kujenga magorofa ya mawe, yasiyo na matundu mengi. London, shomoro huyu huyu amepungua mno tangu miaka ya 1990, na upungufu wa matundu na wadudu wa kulisha makinda ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Kama kweli alifuata mabati, basi idadi yake itashuka kwanza kwenye mitaa ya magorofa, huku Kibera akibaki tele. Akizidi kuongezeka kwenye magorofa pia, hoja yangu itakuwa imeanguka.