Pompa ya esanse haihukumiwi bila ushahidi

Hapa Bukavu, gari likizimika mlimani kila mpita njia anakuwa fundi. Mmoja anasema buji, mwingine betri, wa tatu anakutuma dukani ukanunue pompa ya esanse.

Gari letu ni Toyota Corolla ya 1997. Ndilo linabeba bidhaa za mke wangu mpaka soko la Kadutu. Likilala siku tatu, chungu nyumbani kinapungua. Lilianza kuishiwa nguvu kwenye mpando, hasa wakati wa jua kali. Likizimika, lilikataa kuwaka mpaka lipoe nusu saa.

Fundi wa kwanza alidai pesa ya pompa palepale. Mzee mmoja wa garaji ya mtaani kwetu akaniambia: "Papa, pompa haihukumiwi bila ushahidi."

Aliangalia fizibu na rele: nzima. Alifungua kontakti bila kuwasha mota, akaunganisha kwa waya matundu ya +B na FP kwenye kiboksi cha majaribio chini ya kapo. Pompa nzima ingenguruma. Yetu, ikiwa ya moto, ilinyamaza. Akapima waya unaoingia kwenye pompa: volti 12, na masi ilikuwa nzuri. Umeme unafika, pompa haizunguki. Hapo ndipo hukumu ilitolewa.

Tulisukuma gari nje, mbali na moto na sigara. Alipunguza presha ya esanse, akatoa waya wa betri, akainua kiti cha nyuma. Chini yake kuna kifuniko, na pompa iko ndani ya tanki. Kichungi chake kidogo kilikuwa kimejaa tope jeusi. Chini ya tanki kulikuwa na maji na uchafu.

Esanse ya chupa za Kadhafi inatuokoa kila siku, lakini mara nyingi haichujwi. Tena madereva wengi wanatembea na lita mbili tu, na kumbe esanse ndiyo inapoza pompa. Mzee alikataa kufunga pompa mpya kabla ya kuosha tanki na kubadilisha kichungi, filtri na mpira wa kifuniko. Bila hivyo, alisema, hata mpya haingedumu.

Ndugu msomaji, kabla ya kutoa dola zako, mwombe fundi akuonyeshe volti. Pompa ikitoka, mwombe akuonyeshe pia chini ya tanki.