Kabla Uwaite Wahuni, Simama Nao Gizani

Kuna sentensi moja kila kijana wa Kabuchai ameiskia: "Hapo kwa reggae ni wahuni watupu." Mathe ameisema, mwalimu ameisema, mchungaji huisema akiwa na maikrofoni. Juzi nikaamua kujionea. Live band, si DJ na flash disk. Uwanja mmoja karibu na Chwele, kiingilio soo mbili. Nikaenda na dada yangu mdogo, yule wa first year.

Wacha niwaambie nani alikuwa huko.

Mbele kabisa ni wasee wa nduthi, wengine bado wamevaa zile jaketi za kung'aa. Nyuma yao wamama wa soko waliokuja moja kwa moja kutoka kuuza nyanya. Mafundi wa welding. Mwalimu mmoja aliyevuta kofia mpaka kwa macho ndio wanafunzi wasimjue, na wote walimjua. Wazee wawili walikuwa wanacheza kamabeka, mabega yanapanda na kushuka, juu ya bass ya Jamaica, na manze ilikuwa inaingiana! Getini askari wawili, mmoja anatikisa kichwa polepole akidhani hakuna anayemwona. Rasta wenye dredi? Niliwahesabu. Hawakufika ishirini.

MC akapiga kelele "Mulembe!" na uwanja mzima ukarudisha "Mulembe!" Mahali pengine wangesema amani. Sisi tunalo neno letu, na lilikuwa hapa kabla ya reggae kufika.

Sasa hiyo soo mbili. Kwa msee wa nduthi, hiyo ni safari nne za fifty, na bado hujatoa petroli. Alilipa mwenyewe, kutoka mfuko wake. Linganisha na mkutano wa siasa: kule soo mbili inatoka kwa mheshimiwa inaingia kwako, na lori unapandishwa bure. Vijana ni wa umri ule ule, pengine hata ni wale wale. Tarehe 4 Machi 2021 tulipofanya uchaguzi mdogo hapa Kabuchai, nchi nzima ilituona kwa TV juu ya vurugu. Na ndio miezi ile ile wanasiasa walikuwa wamelichukua neno "reggae" wakaligeuza jina la BBI, mpaka Mahakama Kuu ikaisimamisha tarehe 13 Mei. Walitumia muziki wetu kutuita kwa mikutano yao. Lakini huko hakuna mtu aliita wasanii wahuni.

Kitu kilichonifanya niandike hii ni giza.

Kama saa nne na nusu usiku, jenereta ilizima. Taa kwisha, spika kwisha. Watu mia kadhaa ndani ya uwanja wenye geti moja nyembamba. Dada yangu alinishika mkono akaukaza, na nilijua anawaza nini, kwa sababu msichana kwa umati wenye giza anawaza kitu tofauti na mvulana. Mimi nilikuwa nawaza geti: watu wakianza kukimbia hapo, tumekwisha.

Hakuna aliyekimbia. Mpiga ngoma aliendelea, kwani ngoma haihitaji stima. Mtu akaanza kuimba, wengine wakaitikia. Wabukusu tunajua kufanya hivyo: kila mwaka wa tohara tunamfuata kijana usiku kucha, mmoja akiimba na wengine wakiitika, na hakuna anayekanyagwa. Msee mmoja wa nduthi tusiyemjua akamwambia dada yangu, "Sista, kuja huku katikati, huko pembeni si poa." Halafu wenzake wakatoka, wakazungusha pikipiki zao kando ya uwanja, wakawasha taa zote zikaangalia ndani. Tukaonana sura tena. Ilichukua kama dakika ishirini mafuta kuletwa, na kwa hizo dakika ishirini hakuna chupa iliruka.

Sisemi walikuwa malaika. Bangi ilinukia. Kuna jamaa alimshika dem kwa nguvu, na wasee watatu wakamtoa nje kabla bouncer hajafika. Hiyo ya mwisho ndiyo nataka uikumbuke.

Historia pia iko upande wangu. Aprili 1980 Bob Marley alipiga shoo Rufaro Stadium, usiku Zimbabwe ilipopata uhuru. Fujo ilitokea, ndio. Lakini ilitokea getini: wageni waalikwa walikuwa ndani, wananchi wa kawaida walikuwa wamefungiwa nje, wakisukuma waingie, na polisi wakarusha teargas. Kesho yake Marley akapiga tena, safari hii kwa ajili ya raia. Fujo ililetwa na geti na teargas, si na wimbo.

Na hapa kwetu, Septemba 2019, Jaji Chacha Mwita aliamua kuwa Urastafari ni dini, na kwamba mwanafunzi wa imani hiyo hawezi kufukuzwa shule kwa sababu ya dredi. UNESCO nayo iliiweka reggae kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka wa 2018. Mahakama imeelewa, dunia imeelewa, imebaki kijiji chetu.

Kwa hivyo wanaotuandalia shoo, na kaunti inayotoa vibali: tupeni geti mbili, taa za akiba, na choo cha wasichana kilicho na mwangaza. Hiyo ndiyo italinda watu, si kuwahubiria wasikuje.

Na wewe unayesoma, kukiwa na live band karibu, enda. Simu weka mfuko wa mbele, jua geti iko wapi, usiende peke yako. Ukifika, usiangalie stage tu. Geuka uangalie walio nyuma yako. Utapata jirani yako, mteja wako, na pengine mwalimu wako akiwa na kofia.