Bustani ya mama wakati wa kiangazi

Huku Bukavu mvua ilikatika tangu mwezi wa sita, na haitarudi vizuri mbele ya mwezi wa tisa. Robine ya kwetu inaweza kukaa siku tatu bila maji. Ndipo bustani ya mama inadai kazi nyingi, na ndipo inalipa zaidi: mwezi wa saba na wa nane ni wakati wa ndoa, watu wanatafuta maua.

Maua anayakata alfajiri, mbele ya jua kupanda. Mchaichai anaukata kiganja kimoja juu ya udongo ili uchipuke tena, kisha anauanika kivulini, kwa sababu jua kali linaondoa harufu. Kwenye mashina anatandika majani makavu, unyevu usipotee haraka.

Lakini bidoni moja ya lita 20 haitoshi bustani nzima. Mwaka huu mama ameyanyima maua maji, akamwagilia miche ya mubirizi, dawa chungu ya tumbo. Nikamwambia: mama, maua ndiyo yanalipa madaftari ya watoto. Akajibu: “Maua wanayanunua wenye kuoa. Dawa, jirani anakuja kuiomba usiku, bila hata franka mia.”

Sikupata la kumjibu. Sasa kila asubuhi ninateka bidoni ya pili.