Kilo 1248 zikawa 124!

Najua nimepotea kidogo, msinilaumu, ni huu mradi wa mwaka wa mwisho. Kuna programu ya kupokelea korosho ya chama kimoja cha msingi kule kwetu Chiwata, Masasi. Iliandikwa zamani kwa Windows Forms ya .NET Framework, mimi naihamishia .NET 8. Washikaji wakaniambia Windows Forms ipo kote kote, unabadili toleo tu halafu unaenda zako kula chipsi. Thubutu!

Kwanza kompaila ilipiga kelele: MainMenu haipo, ToolBar haipo, DataGrid haipo. Hizo ziliondolewa kwenye .NET Core 3.1 mwaka 2019, badala yake unaweka MenuStrip, ToolStrip na DataGridView. Inachosha, ila angalau unaonyeshwa mstari wenye kasoro.

Kasheshe ni ile inayokaa kimya. Nilimtumia mjomba, ambaye ni karani wa mizani, picha ya skrini. Akapiga simu hapo hapo: “Mpwa, mbona huyu ana kilo 124? Daftari linasema 1248.” Nikafungua hifadhidata, 1248 ipo, imetulia. Kumbe lebo ndiyo imemeza namba ya mwisho!

Mchawi ni fonti. Zamani ukiacha fonti bila kuigusa unapata Microsoft Sans Serif 8.25. Tangu .NET Core 3.0 unapata Segoe UI 9, ambayo ni pana zaidi. Kawaida fomu hutanuka yenyewe, lakini hii ilikuwa na AutoScaleMode ya None, na AutoSize ya lebo imezimwa. Herufi zikanenepa, kisanduku kikabaki kilekile.

Wa mjini mtacheka. Lakini kwenye korosho tunatumia stakabadhi ghalani tangu 2007: mzigo unaingia ghalani, pesa inakuja baada ya mnada. Katikati hapo mkulima hana kingine mkononi zaidi ya zile kilo alizoonyeshwa. Hebu mwonyeshe mzee wa Chiwata 124 uone kama utatoka salama ghalani!

Dawa ya haraka ni kuita Application.SetDefaultFont mwanzoni kabisa, kabla dirisha lolote halijaundwa, na kurudisha fonti ya zamani. Inafanya kazi, ila mimi siipendi, maana mtu akibadili fonti kesho tunarudi palepale. Nimeweka AutoScaleMode ya Font, lebo za kilo nikaziwashia AutoSize na kuzipanga ndani ya TableLayoutPanel. Halafu kila lebo naijaza 99999.9 na kuikagua kwa macho, maana hakuna kompaila itakayokwambia namba imekatwa.

Zimebaki fomu sita, na mjomba anataka picha ya kila moja. Ngoja niwahi lab kabla hawajafunga.