Shoti Kwenye Pointi

Jumamosi, 11 Januari 2025, Leicester

Baridi ya leo imeshinda hita ya banda. Reli za treni yangu ya mfano, nilizonunua mkononi, zilikuja na pointi (pale njia inapogawanyika) zilizokwisha fungwa nyaya, na hapo ndipo kazi ilipo. Injini ndogo inapita bila neno. Ile nyeusi ya zamani ikikanyaga tu pointi ya kuingilia stesheni, mtambo unakata umeme na meza nzima inazimika. Kwa mtambo wa kale injini ingeshtuka kidogo ikaendelea zake. Huu wa kidijitali hauna subira.

Nimeinama na tochi. Ndimi mbili, zile reli zinazosogea, na frogi, pale reli zinapopishana, ni chuma kimoja kiumeme. Ulimi uliobana reli ya pembeni unachukua umeme wake, halafu ule uliojitenga unabeba umeme huohuo, ilhali reli iliyo jirani yake ni ya upande wa pili. Gurudumu linakanyaga reli, mgongo wake unagusa ulimi. Tayari shoti.

Jumanne, 14 Januari

Nimepima magurudumu ya ile nyeusi. Kwa reli ya milimita 16.5, migongo ya magurudumu inatakiwa iachane kama milimita 14.5. Yake haifiki, ndiyo maana yanakwaruza ulimi. Ningeweza kuyapanua nikanyamaza, lakini wageni huja na injini zao, na siwezi kupima za kila mtu mlangoni. Dawa ni pointi yenyewe.

Mpwa wangu kauliza, “Mjomba, si ununue tu zenye frogi ya plastiki?” Nimemwambia injini fupi ikienda polepole hukwama juu ya plastiki, kwa sababu pale hakuna umeme. Tena zina shoti yao: gurudumu pana huunganisha reli mbili pale zinapokaribiana kwenye ncha ya frogi. Watu hupaka hapo rangi ya kucha. Inasaidia mpaka itakapochubuka.

Jumamosi, 18 Januari

Siku nzima mezani. Chini ya pointi kuna vipande viwili vya waya vinavyounganisha ndimi na frogi, nimevikata. Kila ulimi nimeulehemu na reli ya pembeni iliyo jirani yake, kwa hiyo mgongo wa gurudumu ukigusa ulimi sasa unakuta umeme uleule. Frogi imepata waya wake peke yake, unaokwenda kwenye swichi iliyo ndani ya mota ya Tortoise inayosogeza ndimi: pointi ikigeuka, swichi inageuka nayo. Reli mbili zinazotoka kwenye frogi nimezifungia viungo vya plastiki, la sivyo umeme wa mbele ungerudi kinyume.

Kulehemu ndiko kunakotaka mkono. Mataruma ya plastiki huyeyuka upesi mno. Nimeparuza reli ing’ae, nikapaka risasi kwenye reli na kwenye waya kila kimoja kwa wakati wake, kisha nikavigusisha kwa pasi yenye moto kamili na kuondoa mara moja. Pasi yenye moto hafifu ndiyo inayoharibu, maana unakaa nayo mno.

Jumapili, 26 Januari

Mota ilipogeuza pointi mara ya kwanza, mtambo ukakata. Nyaya mbili za swichi zilikuwa zimepishana, nimezibadilisha nafasi, kimya. Ile nyeusi imepita kwenda na kurudi, polepole mpaka unahesabu mikono ya pistoni.

Nimeweka pia sarafu ya peni kumi juu ya reli zote mbili, mwisho kabisa wa njia. Mtambo umekata papo hapo, inavyotakiwa. Usingekata, ningejua nyaya ni nyembamba.

Mpwa anataka injini ya Garratt ya Reli za Afrika Mashariki. Zile za daraja la 59 zilitengenezwa hapa hapa Uingereza, Manchester, kwa Beyer Peacock. Lakini zilitembea kwenye reli ya mita moja. Kwa kipimo cha 1:87 hiyo ni njia ya milimita 12. Meza nyingine, pesa nyingine.

Zimebaki pointi za yadi ya mizigo. Lazima zimalizike kabla ya kumwaga kokoto, kwa sababu gundi ya kuzishika ikishakauka hakuna pa kupitishia kisu.