Nyumba ya Mzee Ilijengwa na Nani?

Wasee, leo hakuna vichekesho. Leo ni stori ya nyumba ambayo haipo tena.

Ilikuwa Kitui. Kwetu wote waliiita "nyumba ya mzee", yaani babake susu yangu. Ilibomolewa kabla nizaliwe. Mabati yakagawanwa, matofali yakaenda kujenga choo. Mwaka huu ndugu zake susu wameanza kugawa shamba. Susu aliolewa ng'ambo ya mto Athi, huku Makueni, kwa hivyo jina lake halikuwa kwa orodha. Hakuna aliyeshtuka. Hata mimi, kusema ukweli, nilikuwa natafuta tu video ya nyumba ya zamani.

Nikaanza na Archives, pale Moi Avenue. Nyinyi nyote mmeshawahi kungoja mtu hapo nje. Wangapi mmeingia? Ndani kuna ripoti za wakoloni za wilaya ya Kitui, mwaka baada ya mwaka: mvua, njaa, ng'ombe, kodi. Serikali hiyo ilianza kutoza kodi ya nyumba 1901, kwa hivyo ilipenda sana kuhesabu nyumba. Nani alizijenga, haikuwa shida yake. Nilikaa siku mbili na sikupata hata mlango mmoja wa kwetu.

Nyumba ya Kitui yenye jina kwa historia ni ya Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alikuwa mgeni wake, na tarehe 3 Desemba 1849 akiwa huko akauona Mlima Kenya. Akaandika, ndiyo maana tunajua. Shuleni tulifundishwa Kivoi na Krapf. Nani alimpikia mgeni, hatukufundishwa.

Kwetu hakuna Krapf aliyekuja. Karatasi pekee iliyobaki ni risiti ya kodi yenye jina la mzee. Nikaibeba hadi kwa susu, nikaweka simu mezani irekodi.

"Susu, hii nyumba ya mzee..."

Akanikatiza. "Nyumba gani ya mzee? Baba alikuwa Mombasa kazini. Alirudi akapata imesimama."

Mama yake alisuka vyondo vya mkonge usiku, akauza sokoni, akanunua bati moja moja. Aliyaficha chini ya kitanda mpaka yakatosha. Maji ya kufyatulia matofali yalichotwa na susu mwenyewe, akiwa na miaka kama kumi, mtoto mgongoni. Akapandisha leso kidogo akanionyesha kovu la goti, la siku aliyoteleza na kibuyu.

Niliona haya. Hilo kovu nimeliona tangu utotoni na sikuwahi kuuliza.

Wiki iliyofuata tukavuka Athi pamoja. Susu alitembea moja kwa moja mpaka kwa kichuguu fulani, akasema hapa palikuwa jikoni. Tukafukua kidogo na jembe, tukapata mafiga mawili. La tatu hatukuliona. Jioni, wazee wakiwa wamekaa, nikawachezea ile rekodi.

Kimya. Halafu ndugu yake wa mwisho, mzee mwenye mvi, akamwangalia akasema, "Mama aliniambia huyo mtoto wa mgongoni nilikuwa mimi."

Msidhani kila kitu kimeisha poa. Katiba ya 2010 inakataza kumbagua mwanamke kwa mambo ya ardhi, lakini Katiba haihudhurii mikutano ya familia yetu. Orodha bado ni ile ile. Tofauti ni kwamba kuna mkutano mwingine, na safari hii susu ameitwa. Amesema ataenda na kiondo cha mama yake. Mimi nitabeba simu, ikiwa na chaji.

Video sijaweka. Nitaiweka susu akikubali.

Lakini wewe ukienda ushago, usiulize tu nyumba ilikuwa ya nani. Uliza nani alichota maji.