Mali Iliyofungwa Udongoni

Mpwa wangu mpenzi,

Waraka wako umenifikia salama. Wasema mahindi yako huko Amani yamedumaa na majani yake yamegeuka rangi ya zambarau, ilhali mbolea ya dukani uliitia kwa kipimo ulichoelekezwa, na sasa wataka kutia maradufu. Ngoja kwanza.

Rangi hiyo ni dalili ya njaa ya fosforasi, lakini udongo mwekundu wa huko Usambara hauikosi. Imo, lakini chuma na alumini zilizojaa katika udongo huo wenye tindikali huikamata mara tu itiwapo, hata sehemu kubwa ya ulichonunua ikawa mali iliyofungwa, na mzizi wa mhindi, usioweza kunyonya ila kilichoyeyuka milimita chache kutoka ulipo, hubaki na njaa penye shibe.

Wanaoifungua ni viumbe usiowaona kwa macho. Wako kuvu waishio ndani ya mizizi, ambao mmea huwalisha sukari, nao kwa badali yake hutandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikafika mbali ambako mzizi wenyewe haufiki. Na wako bakteria watoao tindikali na vimeng'enya vya kuivua fosforasi kutoka katika mabaki ya mimea, wakaihifadhi miilini mwao hadi wafe au waliwe na vijidudu vingine, ndipo mmea uipate. Nawe wachoma mabua kila msimu! Basi hao waishi kwa riziki gani?

Mbaazi nayo usiidharau. Mizizi yake hutoa tindikali, mojawapo iitwayo pisidiki, ambayo hukishika chuma, fosforasi ikaachiliwa. Ipande kati ya mistari ya mahindi, na majani yake yaangukapo uyaache papo hapo.

Lakini usighurike: viumbe hawa huzungusha, hawaumbi. Fosforasi hairudi kwa njia ya hewa kama naitrojeni, na kila gunia liendalo sokoni Muheza huondoka nayo. Kwa hiyo pima udongo, na kipimo cha tindikali (pH) kikiwa chini ya 5.5, tafuta unga wa mawe ya Minjingu yenye fosforasi, yachimbwayo karibu na Ziwa Manyara, yaliyotokana na mabaki ya samaki na ndege wa ziwa la kale. Hiyo tindikali ya udongo ndiyo iyayeyushayo.

Mbegu za mbaazi nimempa mchukuzi wa barua hii. Zitie ardhini masika yaanzapo.

Wasalaam,
Mjomba wako, Tanga